Nani Aliyaona Maua ya Kanyakine?

Katika duka moja la vipuri vya magari hapa Mombasa, ambako baadhi yetu wazee hukutana baada ya sala ya Alasiri kupiga gumzo, imetundikwa kalenda iliyotoka Japani. Ukurasa wake wa mwezi wa Aprili una picha ya bustani iliyojaa miti yenye maua meupe yaliyoingia wekundu kidogo, na chini ya miti hiyo watu wameketi juu ya mikeka, wake kwa waume, wakubwa kwa watoto, wakila na kuzungumza. Siku moja kijana mwenye duka aliitazama picha ile kwa muda, akatikisa kichwa, akasema: "Ami, wenzetu Mwenyezi Mungu amewapa. Sisi huku tuna nini? Jua na vumbi."

Nilitaka kumjibu palepale, lakini wanunuzi waliingia na maneno yakakatika. Basi nampa jibu lake hapa, mbele ya wasomaji, kwa sababu nadhani si yeye peke yake mwenye fikira hiyo.

Kwanza nikiri kwamba Wajapani wanastahili sifa. Miti ile huitwa sakura, nayo ni ya jamii ya mcheri. Aina inayopandwa zaidi katika bustani za miji yao, iitwayo Somei Yoshino, haipandwi kwa ajili ya matunda. Hupandwa kwa ajili ya maua basi. Na maua yenyewe yakishafunguka yote hayazidi kiasi cha wiki moja, na ukija upepo au mvua hata wiki hiyo haitimii. Yakianza kuanguka hupeperuka hewani mithili ya sufi msimu wa kupasuka. Kwa siku hizo chache watu huacha shughuli zao wakaenda bustanini, kama ile ya Ueno mjini Tokyo, kukaa chini ya miti. Desturi hiyo wanaiita hanami, maana yake kuyatazama maua. Idara yao ya hali ya hewa ina miti maalumu ya kuangaliwa. Wa Tokyo umo katika hekalu la Yasukuni. Ofisa huenda akauchungulia mti ule, na akiona maua matano au sita yamefunguka, hutangaza rasmi kwamba msimu umeingia, na nchi nzima husikia.

Wala desturi hiyo haikuachiwa wakubwa peke yao. Katika karne ya 18 mtawala Tokugawa Yoshimune alipandisha miti hiyo katika kilima cha Asukayama, nje ya mji uliokuja kuitwa Tokyo, ili watu wa kawaida nao wapate mahali pa kwenda kustarehe.

Hayo yote ni mazuri, nami siyapingi. Ninalolipinga ni lile neno la kijana wangu, kwamba sisi hatuna kitu. Tunacho, lakini hatukitazami, na kwa kuwa hatukitazami hatujui kinapotupotea. Hili nililijua Kanyakine.

Wiki moja baada ya Idi ya mfungo mosi, mwaka 2025, nilisafiri kwenda Meru kumjulia hali mwenzangu tuliyefundisha naye shule moja hapa Mombasa kwa miaka mingi, kisha akastaafu na kurudi kwao. Kwao ni Kanyakine, katika Imenti Kusini, si mbali na Nkubu, kwenye mitelemko ya mashariki ya Mlima Kenya. Ni nchi ya udongo mwekundu na migomba, na vilima vinavyofuatana kama mawimbi ya kusi. Nilifika Jumatatu jioni, giza limeshaingia, nimechoka kwa safari ya basi ya siku mbili. Nilipokelewa kwa heshima zote na baba yake, mzee wa miaka themanini na kitu, na mama mwenye nyumba akanitilia chai.

Usiku niliamka kutawadha. Nilipofungua mlango wa uani nilikutana na harufu iliyonisimamisha. Nilidhani ninaota. Ilikuwa harufu ya asumini, ile ya kwetu, ya nyumba yenye harusi. Nikajiuliza, nani aliyepanda asumini huku bara, tena nyingi kiasi hiki hata usiku mzima unukie? Nilitafuta kwa macho sikuona kitu ila weusi wa shamba.

Asubuhi nilipata jibu. Shamba lote nyuma ya nyumba lilikuwa jeupe. Kila tawi la mbuni lilikuwa limevikwa vishada vya maua madogo, yamebanana penye kila kiungo cha jani, meupe pe, kila ua na ncha zake tano kama nyota. Shamba la jirani ng'ambo ya bonde lilikuwa jeupe vilevile. Nyuki walikuwa wakivuma kana kwamba kuna mashine inayofanya kazi mahali. Mimi nimeinywa kahawa tangu sijaota ndevu, na umri huu wote sikuwa nimepata kuliona ua lake.

Nilimsifia mzee shamba lake, nikamwambia kwamba Wajapani wangelipa nauli kuja kuona haya. Alicheka kidogo, akasema: "Mwalimu, wewe unaona maua. Mimi naona mbolea niliyokopa." Kisha akanieleza. Matumba ya kahawa hukaa yamelala wakati wa kiangazi, hayafi wala hayafunguki. Ikinyesha mvua ya kutosha huamka, na baada ya siku nane mpaka kumi na mbili hufunguka kwa pamoja alfajiri moja. Mvua ile ilikuwa imenyesha siku tisa kabla. "Leo ni sherehe," alisema mzee. "Kesho bado. Kesho kutwa utaona yamekuwa kama majani ya chai." Tangu hapo mpaka tunda liwe jekundu ni miezi saba, minane, hata tisa. Katika miezi hiyo yako magonjwa, yako madawa ya kunyunyizia, iko bei ambayo mkulima haijui. Kwa hivyo mtu wa Kanyakine hathubutu kulifurahia ua mno, asije akaaibika tunda lisipofika.

Nilimwuliza mama, naye alikuwa na neno lake. Alisema alipoletwa pale kuwa bibi harusi, mvua ilikuwa ikija kwa kishindo, na kilima kizima hugeuka cheupe siku moja, hata mtoto mdogo akajua kumetokea jambo. Sasa mvua huja matone, ikakatika, ikarudi. Shamba huchanua vipandevipande, huku leo, kule wiki ijayo. Tawi moja utalikuta lina tunda jekundu, na la kijani, na ua juu yake. Wachumaji hulazimika kupita mara nyingi kwa vikapu nusu, kwani kahawa nzuri ni ile iliyochumwa nyekundu peke yake. Mwaka ule, akasema, ndio kwanza kwa muda mrefu ameiona imefunguka kwa pamoja namna ile.

Hapo nikauliza swali la kialimu. Nikamwambia mzee: "Mwaka jana yalichanua tarehe ngapi?" Akafikiri. Hakujua. Na mwaka juzi? Hakujua. Lakini nilipomwuliza alipeleka kahawa kiasi gani kiwandani mwaka jana, aliingia ndani akatoka na stakabadhi za chama cha ushirika, zimefungwa kwa mpira, za miaka na miaka, akanisomea kilo moja moja na nusu kilo zake.

Jambo hili ndilo lililonipa kalamu. Kilo zimeandikwa, maua hayakuandikwa. Tunda lina mizani na karani na stakabadhi. Ua, ambalo pasipo hilo hakuna tunda, halina hata mstari mmoja katika daftari la mtu yeyote.

Simlaumu mzee hata chembe. Aliyekopa mbolea hana nafasi ya kutandika mkeka. Na historia ya mti huu kwao haikuwa ya starehe. Wakati wa ukoloni Mwafrika wa Kenya alizuiliwa kulima kahawa, ili biashara yake ibaki kwa masetla. Ilipofika miaka ya 1930 ndipo Meru, Embu na Kisii wakaruhusiwa kujaribu, tena kwa idadi ya miche iliyohesabiwa. Baada ya mpango wa Swynnerton wa mwaka 1954 kilimo hicho kikaenea. Mwaka 1975 baridi kali iliunguza mibuni ya Brazili, na miaka miwili iliyofuata bei ilipanda ajabu. Mzee aliniambia nyumba tuliyokaa ilijengwa kwa fedha za wakati huo. Mwaka 1989 mapatano ya mataifa ya kugawana soko yakavunjika, bei ikaanguka, na wengi wakakata tamaa. Kenya iliyotoa takriban tani 130,000 katika mwaka wa kahawa wa 1987/88, siku hizi haifikishi hata nusu yake. Mzee mwenyewe aling'oa nusu ya mibuni yake akapanda migomba na miparachichi. Nani atamlaumu? Watoto walitaka karo.

Lakini niseme na sisi watu wa Mwambao, maana lawama kubwa ni yetu. Sisi ndio wanywaji. Kahawa chungu kwetu ni ada: hainyweki msiba, hailiwi tende ya futari, haukai mkutano wa barazani bila ya dele na vikombe vidogo. Tunajua kwamba katika karne ya 15 masufi wa Yemeni waliinywa ili wakeshe katika dhikri, na kwamba bandari ya Mokha ilipata jina kwayo. Magunia ya kahawa ya bara hupita Kilindini, mlangoni petu, yakienda ng'ambo. Na huko Kanyakine inakotoka, nimesema, nilitiliwa chai. Mkulima analima asichokunywa, nasi twanywa tusichokijua, na ua limekaa katikati bila mwenyewe.

Tena harufu ile haikunidanganya. Mwanzoni mwa karne ya 18, Mfaransa Antoine de Jussieu alipouandika mmea wa kahawa katika elimu ya mimea, aliuita jasmini ya Arabuni. Baadaye ilibainika kwamba si ukoo mmoja, na mwaka 1753 Linnaeus akaupa jina unaloitwa mpaka leo, Coffea arabica. Lakini pua ya Mfaransa yule na pua yangu zilikubaliana.

Wala tusidhani kwamba ua la kupita haraka ni jambo geni kwetu, la kufundishwa na kalenda. Kikuba ni nini? Mwanamke wa Kiswahili huchukua asumini, na kilua, na rehani, akavifunga pamoja mchana ili vinukie usiku, naye anajua kabisa kwamba alfajiri vitakuwa vimenyauka. Hakuna anayesema kikuba ni hasara kwa kuwa hakikufika asubuhi. Kilifungwa kwa usiku ule, na usiku ule kilitosha. Mjapani humwendea mti, sisi humvika mtu. Tofauti ni hiyo tu. Chema hakidumu, walisema wazee wetu, na hawakusema hivyo ili tukipuuze.

Najua wako watakaoniambia: Maalim, dunia yenyewe ni ya kupita, ya nini kuandikiana tarehe za maua? Jibu langu ni hili. Tulifundishwa chuoni tangu utoto kwamba mapambo ya dunia mfano wake ni mimea iliyopata mvua, ikasitawi, kisha ikakauka. Basi atazingatiaje mfano huo mtu ambaye hakupata kuitazama mimea yenyewe?

Na wako watakaosema: maua hayajazi tumbo. Hao nawarudisha Japani, katika mji wa Kyoto. Huko, kwa miaka zaidi ya 1,200, watu wa kasri, na watawa, na waandishi wa kumbukumbu za kila siku, walikuwa wakiandika siku miti ya sakura ilipochanua kikamilifu. Rekodi ya mwanzo kabisa ni ya mwaka 812. Walioandika hawakuwa wakifanya utafiti. Walikuwa wakifurahi, na wengine wakihuzunika kwamba yamekwisha. Wataalamu wa zama hizi wamezikusanya tarehe zile wakaona joto la mji lilivyokwenda likibadilika karne kwa karne. Mwaka 2021 maua yalitimia tarehe 26 Machi, mapema kuliko mwaka wowote uliokuwa umeandikwa, hata kuliko mwaka 1409 yalipotimia tarehe 27. Mtu akisema Kyoto kwamba majira yamegeuka, ana ushahidi wa karne kumi na mbili. Mama wa Kanyakine akisema hivyohivyo, ana kumbukumbu yake tu, na siku atakapofariki itakwenda naye.

Tazameni basi. Mambo mawili yale, kufurahi na kujua, yalitoka kalamu moja. Aliyependa ua ndiye aliyeandika tarehe. Sisi tumeacha kupenda kwa sababu tuna shida, na kwa kutopenda tumezidisha shida. Leo mkulima wa Imenti akienda kwa mtaalamu kulalamika kwamba mvua si zile, ataulizwa: tangu lini? Atajibu: zamani. Neno zamani halina nguvu mbele ya mezani. Lau kila mwaka mtoto mmoja wa nyumba ile angeandika mstari mmoja, tangu mibuni ya kwanza ilipopandwa, leo pangekuwa na daftari la miaka karibu tisini, lisilonunuliwa kwa fedha.

Jumatano maua yalikuwa bado, ila weupe umeingia ufifu. Alhamisi asubuhi, kama alivyosema mzee, yalikuwa ya kahawia, yamejikunja, mengine yametapakaa chini juu ya udongo mwekundu. Harufu ilikuwa imekwisha. Nilisimama kizingitini, na nasema kweli, niliona uchungu, kama anayesindikiza mgeni ambaye hakupata kuzungumza naye vya kutosha. Mzee alikuwa tayari yumo shambani na jembe lake, akipalilia.

Kabla ya kuondoka nilifungua kidaftari changu cha mfukoni nikaandika mbele yake: "Kanyakine, Imenti Kusini. Mibuni imechanua Jumanne, tarehe 8 Aprili 2025. Imepukutika Alhamisi." Aliuliza nimeandika nini, nikamsomea. Hakusema kitu. Lakini mwezi wa Novemba mwaka uleule, baada ya mvua za vuli, simu yangu ililia alfajiri nikishuka kutoka msikitini. Alikuwa yeye. Alisema: "Mwalimu, andika. Leo yamefunguka, lakini ni upande wa juu tu." Niliandika.

Shauri langu ni dogo, wala halihitaji kamati. Walimu wa shule za Meru na Embu waweke daftari moja la darasa, na kila kahawa inapochanua mtoto aandike tarehe, na siku mvua iliponyesha kabla yake. Walimu wa kwetu Mombasa, Lamu, Kwale na Kilifi wafanye hivyo kwa mwembe na kwa mkilua, na ndugu zetu wa Unguja na Pemba kwa mkarafuu, ingawa wa kwao huchumwa ungali tumba. Na siku hiyo ya kuandika, watoto watolewe nje dakika kumi wakautazame mti, kwani hesabu bila ya macho ni kazi ya karani.

Na wewe kijana wangu wa duka la vipuri, nakusihi usiiondoe kalenda yako ukutani. Iache. Lakini Aprili ijayo, ukipata nafasi, panda basi uende Meru kabla hujatamani Tokyo. Ukichelewa siku tatu hutakuta kitu, na hakuna ofisa atakayekutangazia. Mpigie simu mwenye shamba umwulize mvua ilinyesha lini, kisha uhesabu siku tisa.